Brekpointi ya sharti inasimama kila mara, GDB imerogwa au ni mimi?

kijana_wa_ntinda
Wakuu habari. Niko na programu ya C inasoma faili la CSV (data iliyotenganishwa kwa koma) la michango ya sacco, mistari elfu sitini hivi, sasa kuna mwanachama mmoja tu, namba 4071, salio lake linatoka hasi na huyo mtu hajawahi hata kukopa. Kubonyeza continue mara elfu nne siwezi, nikaingia GDB, kile chombo cha kusaka makosa, nikaweka brekpointi (mahali pa kuisimamisha programu) yenye sharti:

`break michango.c:88 if id = 4071`

Ikasimama mstari wa kwanza kabisa. Naiachia, inasimama tena. Na tena. Nikisema print id inajibu 4071 kila saa, yaani sacco nzima imekuwa mtu mmoja 😂 nikitoa brekpointi namba zinarudi sawa. Nimeshafuta GDB nimeweka upya, bando limeishia hapo.

mama_terminali
Pole mdogo wangu, GDB ni nzima. Hesabu alama za sawasawa. Umeweka moja, hiyo haiulizi, inaandika. GDB inalikokotoa sharti kama C ya kawaida, kwa hiyo kila ikifika 88 inabandika 4071 juu ya id ya kweli ndani ya programu inayokimbia, halafu kwa vile 4071 si sifuri inaona sharti limetimia. Andika tu `condition 1 id == 4071`, hiyo 1 ni namba ya brekpointi, ukisahau kuna `info breakpoints`.

kijana_wa_ntinda
Weebale nnyabo!! Imekubali ila sasa inatambaa, nimeshuka kununua rolex (chapati ya mayai) nimerudi bado. 88 iko kwenye lupu ndani ya lupu.

fundi_mbarara
Lazima itambae ssebo. Programu inasimama kweli kila ikipita pale, GDB inaamshwa, inasoma id, ikiona siyo inaiachia, mara milioni ngapi hizo? Mimi naandika `if (id == 4071)` kwenye msimbo wenyewe na kamstari kokote ndani, nakompaili na `-g -O0` (taarifa za GDB ziwemo, msimbo usiboreshwe), brekpointi ya kawaida naiweka kwenye hako kamstari. Uchafu, lakini inaruka. Na ukitafuta kwa jina usitumie ==, hiyo inalinganisha anwani za kwenye kumbukumbu, siyo herufi, tumia `$_streq(jina, "Okello")`.

kijana_wa_ntinda
Nimempata! Katibu aliandika 150,000 na koma yake bila alama za kunukuu, programu ikasoma 150, makato yalipokuja ikazama chini ya sifuri. Naenda kumpigia.