Nani kawaambia rangi iliyobaki inamwagwa mtaroni? Nimechoka!

Wakuu leo nina hasira, mnisamehe nikiandika ovyo. Jana jioni narudi nakuta mtaro wa nyuma ya nyumba mweupe kama maziwa, juu yake utando wa mafuta unang'aa, harufu ya thina, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, inakukaba koo kabla hujafika. Fundi wa jirani kamaliza kupaka, rangi ya maji iliyobaki kaimwaga, ya mafuta kaimwaga, brashi kazisuuza na thina nayo kaimwaga humo humo. Na mwanangu kachuchumaa pembeni anakoroga na kijiti!! Namuuliza fundi, ananijibu "itaenda na maji hiyo bosi". Itaenda wapi? Mtaro unaishia mtoni.

Na sio mafundi tu, sisi wenye nyumba ndio tunaonunua ndoo nzima bila kupima ukuta halafu iliyobaki tunaitupia kwenye sinki au shimo la choo, wakati rangi na thina zinaua hao bakteria wanaoozesha uchafu mle shimoni.

Rangi ya maji ikiwa bado nzima mpe mtu anayepaka, au ifunge mfuniko vizuri uitumie kuziba madoa baadaye. Kama imeharibika changanya na mchanga au vumbi la mbao, acha kopo wazi penye hewa, mbali na watoto na kuku, mpaka uchomeke kijiti kigome kuzama. Hapo ndio inaenda kwenye taka, mfuniko pembeni ili mzoa taka aone imekauka asije akamwagikiwa. Ni kazi ya siku chache tu jamani!

Ya mafuta ni habari nyingine, ile inashika moto, usichanganye na taka za kawaida wala usichome, moshi wake ni sumu na kopo lililofungwa likipata moto linaweza kulipuka. Ifunge, iweke mbali na jiko, ulizia wanaopokea taka hatarishi. Thina uliyosuuzia brashi weka kwenye chupa yenye mfuniko na uandike ni nini, uchafu utatuama chini, ya juu unaitumia tena. Na matambara yenye mafuta ya kitani (yale ya mbegu za kitani, ya kupakia mbao) msiyarundike pembeni, yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka bila kiberiti, yatandaze nje yakauke moja moja.

Makopo ya zamani sana ndio yananitisha zaidi maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi (sio ya bunduki, ni ile metali yenye sumu, lead), Marekani walizipiga marufuku kwenye nyumba tangu 1978, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Halafu kuna mtu anasuuza kopo la rangi anatekea maji ya kunywa!

Mwanangu nimemsugua mikono na sabuni mara tatu, kwenye kucha bado kuna weupe. Mafundi mlioko humu nijibuni, mkimaliza kazi mabaki mnayapeleka wapi?