Naomba ushauri: sherehe ya Krismasi ya ofisi, Kigoma mjini

Habari zenu ndugu zangu. Mwaka huu nimekabidhiwa kuandaa sherehe ya Krismasi ya ofisi yetu, na natamani kila mtu aifurahie, kuanzia bosi hadi mlinzi na mama anayetupikia chai.

Karibu nusu yetu ni Waislamu, wengi wenyeji wa Ujiji, na huwa wanajumuika nasi kwa moyo mweupe. Mwaka jana bia na soda zilipangwa meza moja, baadhi yao wakaaga kabla hata chakula hakijaisha. Iliniuma. Safari hii mbuzi atachinjwa na Mwislamu, kitimoto haitakuwepo. Ila bia ndiyo inanipa shida: niiondoe kabisa, au niitoe baada ya watu kumaliza kula?

Pilau tumeizoea. Nafikiria samaki wa ziwani, migebuka wabichi wa Kibirizi, tuwachome palepale huku tukiwapaka mawese yenye ndimu na pilipili, pembeni ugali wa muhogo. Je, wenzetu waliohamia kutoka Dar wataupenda?

Ufukweni Bangwe panapendeza, lakini Desemba mvua haipigi hodi. Turubai litatosha, au nitafute ukumbi?

Tarehe nimeweka katikati ya mwezi, maana baadaye wengine wanapanda treni kwenda kwao.

Kuhusu mchango, wengine wanapendekeza elfu thelathini kila mtu. Kwa mlinzi naona ni mzigo. Mliowahi kuandaa, mliwachangishaje wenye kipato kidogo bila kuwaaibisha?