Django: post_save inajiita yenyewe bila kukoma

mgeni_wa_kodi: Wakuu habari, natumia Django (fremuwaki ya Python ya kutengeneza tovuti), nina modeli ya Oda (klasi inayowakilisha jedwali la oda kwenye databesi), nataka oda mpya ikiseviwa tu stoku ipungue na mteja atumiwe imeili, nimeweka post_save (signali inayoamsha kodi yangu kila oda ikishaseviwa) ila ndani yake naita tena save() na sasa inazunguka mpaka programu inakufa. Halafu nikibadilisha oda nyingi kwa update() hakuna kinachotokea kabisa. Nakosea wapi?

baba_data: Hapo umejitega mwenyewe mkuu, save() ndani ya post_save inaamsha post_save tena. Angalia created (inayokuambia kama oda ndo imeundwa sasa hivi), kama ni False toka. update() yenyewe inaandika moja kwa moja kwenye databesi bila kupita save(), ndo maana zile oda zilikuwa kimya. bulk_create (ya kuunda nyingi kwa mpigo) nayo hivyo hivyo.

punje_punje: Na imeili iweke kwenye transaction.on_commit (inasubiri muamala wa databesi ukamilike kwanza), la sivyo muamala ukirudishwa nyuma mteja ashapata ujumbe wa oda ambayo haipo 😅 Mi stoku singeiweka kwenye signali kabisa, naandika fankisheni ya kawaida naiita wazi wazi, ukirudi baada ya miezi unaona nini kinaita nini.

mgeni_wa_kodi: Imekubali, ilikuwa created. Stoku naihamisha leo.