Mjadala: Mwanafunzi aandike mwenyewe kitanzi cha kutafuta, au apewe indexOf siku ya kwanza?

Mwalimu wa Kompyuta, Kisumu

Wadau, nawasalimu nyote. Naleta suala ambalo limetugawanya walimu wa Nyanza na Magharibi, na ambalo naona wazazi na mafundi wa mifumo wana haki ya kulisemea. Mwaka 2022 KICD, taasisi ya kukuza mitaala nchini Kenya, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule zetu. Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza iliingia, na STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) ni mmoja wa mikondo mitatu wanayochagua. Ndugu zao wa 8-4-4 bado wapo hadi KCSE ya 2027. Yaani mambo yanapangwa upya sasa hivi, na tutakachokizoea mwaka huu ndicho tutakachokifundisha kwa miaka mingi.

Swali lenyewe ni hili. Mtoto ana orodha na anataka kujua kitu fulani kiko nafasi gani. Je, tumfunze kukitafuta kwa kitanzi, yaani amri zinazojirudia, alichoandika kwa mkono wake, au tumpe amri ya tayari ya kutafuta, kama indexOf ya lugha ya JavaScript au index ya Python, tusonge mbele?

Mimi nasema aandike kwanza. Ikibidi ichukue juma zima bila kugusa amri ya tayari.

Darasani natumia vituo vya matatu ya kutoka hapa kwenda Busia, maana kila mtoto anavijua:

vituo = ["Kisumu", "Maseno", "Luanda", "Yala", "Ugunja", "Bumala", "Busia"]

Ukiuliza Luanda ni ya ngapi, darasa zima litajibu ya tatu. Python itasema 2. Ukimpa mtoto amri ya tayari, ataipokea hiyo 2 kama mzungumzo wa mashine, aikariri, aende. Akiandika kitanzi, yeye mwenyewe ndiye aliyeanza na sifuri, na anajua kwa nini:

i = 0
while i < len(vituo) and vituo[i] != kituo:
    i = i + 1

Hapo kituo ni jina linalotafutwa, len(vituo) ni idadi ya vituo, na != ni "si sawa na". Ni mistari mitatu tu, lakini hebu itazameni kwa makini. Kama kituo ni "Luanda", i inasimama kwenye 2. Kama ni "Siaya", ambayo haiko kwenye barabara hii kuu, i inafika 7 na kusimama, kwa sababu orodha imeisha. Sasa waambie wageuze masharti yale mawili, la pili litangulie la kwanza. Ukitafuta "Luanda" kila kitu kinaenda sawa. Ukitafuta "Siaya" programu inaanguka, kwa kuwa imechungulia nafasi ya 7 isiyokuwepo kabla ya kuuliza kama ipo. Python angalau inakuambia umepitiliza. Lugha ya C inaweza kukusomea kumbukumbu isiyo yako na isiseme neno.

Somo hilo halipatikani ndani ya indexOf. Limefichwa humo, na mtoto hajui kwamba kuna kilichofichwa.

Fundi wa Mifumo, Nakuru

Mwalimu, kwa heshima zote, napinga.

Kazi ninayoifanya kila siku ni kusoma programu za vijana wanaotafuta kazi hapa mjini. Makosa ninayoyakuta mara nyingi zaidi ni hayo hayo ya vitanzi vya mkono: mmoja ameanza na 1 akaruka kitu cha kwanza, mwingine ameweka alama ya "ndogo au sawa" mahali pa "ndogo" akapitiliza mwisho kwa nafasi moja. indexOf ya safu, yaani ya orodha, imo kwenye kiwango cha JavaScript tangu 2009. Imetumiwa na kujaribiwa na watu wasiohesabika. Kwa nini mtoto wa Gredi ya 10 aambiwe ajenge upya kitu ambacho wenzake duniani wamekwisha kukinyoosha?

Na hata wataalamu hujikwaa. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mhandisi wa programu, alieleza hadharani kwamba utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu uliokuwa ndani ya maktaba ya Java (mkusanyo wa amri zake za tayari), aliouandika yeye mwenyewe, ulikuwa na kasoro iliyokaa humo kwa takriban miaka tisa. Kama Bloch alipitiwa, mtoto wa Njoro atafanyaje?

Tukumbuke pia hali ilivyo. Kipindi ni dakika 40, na katika shule nyingi wanafunzi watatu au wanne wanagawana kompyuta moja. Juma zima kwa mistari mitatu ni anasa, mwalimu. Mfundishe kutumia chombo, kisha mfundishe kukijaribu: kitu cha kwanza, kitu cha mwisho, na kitu kisichokuwepo. Majaribio hayo matatu yatamwokoa kuliko kitanzi.

Mwalimu wa Kompyuta, Kisumu

Ndugu yangu, habari ya Bloch inanisaidia mimi kuliko wewe. Kasoro ile ilikuwa nini? Nafasi ya katikati ilipatikana kwa kujumlisha mwanzo na mwisho, kisha kugawa kwa mbili. Safu ikiwa kubwa sana, jumla inavuka 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kabisa inayoingia kwenye int, aina ya namba kamili ya Java, na inageuka kuwa hasi. Ilirekebishwa kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kukifungua kitanzi na kukisoma ndani. Tukilea kizazi kinachoamini kwamba cha maktaba hakikosei, nani atafungua?

Mtengenezaji wa mifumo ya vyama, Kakamega

Mwalimu na ndugu wa Nakuru, niruhusuni niweke kisa, maana mnabishana juu ya kutafuta na mimi naona balaa huja baada ya kutafuta.

Niliitwa na chama kimoja cha akina mama kilichokuwa na mfumo uliotengenezwa na kijana mwingine. Malalamiko yalikuwa kwamba wanachama wanapotea. Kila mara katibu akimwondoa mtu aliyejitoa, aliyejitoa anabaki kwenye orodha, na mwanachama mpya kabisa, aliyesajiliwa mwisho, ndiye anayefutika. Akina mama walianza kushukiana. Mweka hazina aliambiwa anafuta majina ya watu asiowapenda.

Nilifungua nikakuta mstari huu:

wanachama.splice(wanachama.indexOf(namba), 1)

Maana yake: tafuta nafasi ya namba hii ya simu, kisha toa kitu kimoja kuanzia hapo. Sasa katika daftari la mfumo namba zilihifadhiwa zikianza na 07. Katibu alikuwa akinakili namba kutoka kwenye ripoti ya malipo ya simu, ambako zinaanza na 254. Kwa binadamu ni namba moja. Kwa indexOf ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo haikuiona, na isipoona hurudisha -1. Na splice ikipewa -1 haikatai, inahesabu kutoka nyuma: -1 ni kitu cha mwisho. Ikamfuta mama wa watu.

Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Yule kijana alijua kutumia indexOf vizuri tu. Asichojua ni kwamba kutafuta kuna majibu ya aina mbili, "nimepata hapa" na "sikupata", na kwamba JavaScript hutoa yote mawili kwa umbo moja la namba. Laiti angewahi kuandika kitanzi na kujiuliza "nisipopata, nirudishe nini?", nadhani angeweka ulinzi. Hata suala la kulinganisha lingemgonga, maana ni yeye angeandika ile alama ya "si sawa na".

Kwa hiyo niko upande wa mwalimu. Ila juma zima, hapana. Siku mbili.

Mzazi, Nakuru

Mimi si mtaalamu, nalipa karo. Binti yangu yuko kwenye klabu ya programu, na mwezi wa kwanza alirudi nyumbani kila Jumamosi akiwa na kitu cha kunionyesha, mara jina lake linaruka kwenye skrini, mara kikokotoo. Akafika kwa mwalimu mwingine aliyewakalisha kwenye mambo ya nadharia, na hamu ikazima. Walimu, naomba mkumbuke kwamba mtoto aliyekata tamaa hatafika kwenye hayo makosa mnayoyaogopa. Mpeni kinachofanya kazi, ajenge, kisha mrudi nyuma mumfungulie.

Mwanafunzi wa chuo kikuu, Maseno

Nimesoma yote na ningependa kuongeza kipande ambacho wakubwa wangu wamekipita haraka: amri za tayari hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe.

Python ukitumia index kwenye orodha na kitu hakipo, programu inasimama na kulalamika kwa ValueError. Ukitumia find kwenye neno, inarudisha -1. Lugha ya PHP, kupitia array_search, inarudisha false, yaani "si kweli", na hapo kuna mtego mwingine: kitu kikiwa cha kwanza inarudisha 0, na ukilinganisha kwa alama mbili za sawa, PHP inaona 0 na false ni kitu kimoja. Unakipata halafu unajiambia hukukipata. MATCH ya Excel inaanza na 1. Lugha za Lua, R na MATLAB pia zinaanza na 1. Pascal inakuruhusu uchague mwenyewe, ndiyo maana wengi wetu tuliopitia 8-4-4 tulizoea kuandika 1..10.

Hata sifuri yenyewe ina wabishi. Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, aliitetea mwaka 1982 katika waraka wake EWD831, na hoja yake ilikuwa kwamba ukianza na 0 na kuishia "kabla ya N", idadi ya vitu ni N bila kuongeza wala kupunguza. Kwenye mfano wa mwalimu, nafasi ya Ugunja ni 4, na ni kweli kutoka Kisumu hadi Ugunja kuna hatua nne za vituo. Nakubali hiyo ni nzuri. Lakini tuwe wakweli: kutoka Luanda hadi Ugunja ni hatua mbili, na utapata mbili hata ukianza kuhesabu na moja. Sifuri inashinda pale tu unapopima kutoka mwanzo.

Sasa, mtu aliyefunzwa amri moja ya lugha moja atahamia lugha nyingine na desturi asiyojua kuwa ni desturi. Aliyeandika kitanzi anajua maswali ya kuuliza lugha mpya: unaanza wapi, unalinganisha vipi, na usipopata unaniambia nini.

Fundi wa Mifumo, Nakuru

Dada wa Kakamega, kisa chako kimenigusa, na sitajifanya hakipo. Nakiri kwamba kumfundisha mtu indexOf bila kumfundisha -1 ni kumpa nusu ya chombo. Ila tazama: jaribio langu la tatu, la kitu kisichokuwepo, lingemfichulia yule kijana kosa lake kabla akina mama hawajashukiana. Jaribu kumwondoa mtu asiyekuwepo, hesabu wanachama kabla na baada. Dakika mbili. Kitanzi si njia pekee ya kufika hapo, na kwa maoni yangu si njia fupi.

Na wewe kijana wa Maseno, maswali yako matatu yanaweza kubandikwa ukutani siku ya kwanza kabisa. Mtoto akayauliza kwa kila amri anayopewa.

Mwalimu wa Kompyuta, Kisumu

Maswali matatu ukutani nayachukua, na majaribio matatu nayachukua pia. Mzazi wa Nakuru, umesema kweli, wiki ya kwanza watajenga kitu kinachoonekana. Siku mbili za dada wa Kakamega bado sizikubali. Siku ya kwanza wanafunzi huandika, ya pili hugeuza masharti na kuona programu ikianguka, na ninahitaji angalau siku nyingine ya kutafuta kitu kilichojirudia, kwa sababu indexOf huleta cha kwanza tu na watoto huamini hakuna kingine.

Kuhusu kompyuta chache, jamani, utafutaji ndilo somo pekee ninaloweza kufundisha bila umeme. Wanafunzi saba wanasimama mbele na karatasi za vituo zikiwa zimegeuzwa, mmoja anapita na chaki akifunua moja moja na kutaja namba. Walimu wenzangu wa Vihiga na Siaya ambao maabara haijafika, hili linawezekana kesho asubuhi.

Ila ndugu wa Nakuru, nijibu hapa hapa. Yule kijana wa mfumo wa chama hakuandika jaribio la mtu asiyekuwepo. Mtoto ambaye hajawahi kuona kitanzi kikifika mwisho wa orodha mikono mitupu, wazo la kuandika jaribio hilo litamjia kutoka wapi?