Nichague programu gani ya kusoma na tahajia kwa mtoto mwenye disleksia?

Mama Binti Mmoja

Salaam nyote. Binti yangu ana miaka tisa, na mtaalamu aliyempima amethibitisha kuwa ana disleksia, yaani ule ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma na kuandika maneno. Macho na masikio yalishakaguliwa, hayana tatizo. Ni mtoto mwenye maneno. Ukimsomea hadithi, kesho yake anakusimulia yote pamoja na sauti za wahusika. Mpe kitabu hichohicho asome mwenyewe: anatupia jicho picha, anashika herufi ya kwanza, halafu anabuni.

Kwa Kiswahili anafika, ila taratibu mno, na neno refu kama "walipokumbushana" linamkatikia njiani. Kuandika ndiko kunakomtoa machozi. "Nyumba" anaandika "numba", "mbwa" anaandika "bwa", "kitabu" kinakuwa "kitadu". Kwa Kiingereza ndiyo balaa zaidi: "was" anaisoma "saw", na "said" anaiandika "sed".

Shuleni wanamhurumia lakini hawana mtu aliyesomea mambo haya, kwa hiyo nimeamua kumfundisha mwenyewe jioni. Nimesoma kuhusu programu za Kiingereza za Barton, Wilson na All About Reading, na programu za kompyuta zinazoahidi makubwa kwa wiki chache. Karibu zote zinajitangaza kuwa ni za Orton-Gillingham. Mimi si mwalimu, sijui kutofautisha. Mliopita njia hii, niangalie nini? Na nianze na lugha ipi?

Mwalimu wa Jioni

Dada, pole kwa kuhangaika. Mimi hufundisha watoto wa namna hii mmoja mmoja, na baadhi ya hizo ulizotaja nimezitumia, basi nitakuambia ninavyozikagua.

Orton-Gillingham ni njia ya kufundisha, si kitabu kimoja wala seti moja ya vifaa. Ilianzia Marekani, kwa daktari wa mishipa ya fahamu Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, na mwongozo wake wa kwanza ulitoka miaka ya 1930. Mtoto hufundishwa waziwazi sauti na herufi zake, kwa mpangilio, kuanzia nyepesi. Anaiona herufi, anaisikia sauti yake, anaitamka, anaiandika. Jina hilo likiwa kwenye jalada bado halijakuambia kitu. Fungua ndani.

Tafuta hadithi ya kwanza ambayo mtoto anatakiwa kuisoma mwenyewe. Shika kalamu, pigia mstari kila neno asiloweza kulisoma kwa sauti alizofundishwa hadi hapo. Maneno mawili matatu si tatizo. Ukiona ukurasa umejaa mistari, achana na programu hiyo hata kama imesifiwa na dunia nzima. Inamwachia mtoto njia moja tu, kubahatisha, na kubahatisha ndiko unakotaka kumtoa.

Kisha tafuta imla. Programu nyingi zina kusoma kwingi na kuandika kidogo, na kwa mtoto wa disleksia huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu tahajia ndiyo inayokaidi muda mrefu zaidi. Nataka akisoma "ship" leo, leo hiihii aiandike kwa kuisikia: sauti tatu, ingawa herufi ni nne. Nataka pia kuona maneno yasiyo na maana yoyote, kama "zib" au "tob". Watu hushangaa ya nini kumsomesha mtoto upuuzi. Ni kwa sababu neno asilowahi kuliona haliwezi kukumbukwa wala kukisiwa kwa picha. Hapo ndipo unajua kama kweli anasoma.

Sasa hizo zenyewe. Wilson ina hatua 12 na inakusudiwa wanafunzi wa kuanzia darasa la pili hadi watu wazima, lakini imejengwa kwa mwalimu aliyepata mafunzo yake. Mzazi peke yake atasota. All About Reading, ya Marie Rippel, ina ngazi 4 baada ya ile ya awali, maelekezo mepesi kwa mzazi, hadithi zinazofuata sauti zilizofundishwa. Tahajia yake ni programu nyingine kando, All About Spelling, yenye ngazi 7, kwa hiyo utabeba mbili. Barton, ya Susan Barton, ina ngazi 10, imeunganisha kusoma na tahajia, na mzazi anaandikiwa hadi maneno ya kusema. Ngazi ya kwanza haina herufi kabisa: mtoto anasogeza vigae vya rangi, kimoja kwa kila sauti anayoisikia.

Kwa ulivyomweleza binti yako ningeanza na Barton, kwa sababu ya "numba" na "bwa". Huyo hajashika sauti zote zilizomo ndani ya neno, na vigae vinagusa hapohapo. Lakini usinunue kabla ya kumpa kipimo chao kifupi cha mwanzo. Asipokipita, wao wenyewe wanakuelekeza kwanza kwenye mazoezi ya kusikiliza sauti.

Baba Pacha

Naunga mkono, na niongeze kuhusu kompyuta. Mmoja wa wanangu ana disleksia na tulitumia GraphoGame, mchezo uliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland. Upo hadi wa Kiswahili. Mtoto anasikia sauti, anagusa herufi yake haraka. Kwa kufunga sauti na herufi ulimsaidia. Ila kugusa jibu kati ya majibu manne si kuandika. Kwenye mchezo alikuwa anang'ara, kwenye daftari bado. Uwe wa dakika chache pembeni ya somo, usiwe ndiyo somo.

Na miwani ya rangi inayosifiwa kuwa dawa ya disleksia, tafadhali muwaachie wanaoiuza. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani na wenzao wa macho walitoa tamko mwaka 2009: hakuna ushahidi wa kutosha kuwa lenzi za rangi au mazoezi ya macho yanatibu disleksia.

Mwalimu, swali: sisi tulikuwa tunafanya siku tukipata nafasi. Kwani programu nzuri haiwezi kufidia muda mdogo?

Mwalimu wa Jioni

Kaka, haiwezi. Joseph Torgesen na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa watoto 60 wa miaka 8 hadi 10 waliokwama kabisa kwenye kusoma. Waliwagawa kwenye programu mbili tofauti, moja ikizamia sana sauti na midomo inavyozitamka, nyingine ikitumia muda mwingi zaidi kusoma matini. Kila mtoto alifundishwa peke yake saa 67.5, vipindi viwili vya dakika 50 kwa siku, kwa takribani wiki 8. Usahihi wa kusoma ulipanda sana kwa wote, na miaka miwili baadaye walikuwa bado hawajaporomoka. Baina ya programu hizo mbili tofauti ilikuwa ndogo. Kasi ya kusoma ndiyo iliyobaki nyuma.

Mimi nasoma hapo mambo mawili. Ukishapata programu inayofundisha sauti waziwazi na kwa mpangilio, wingi wa mazoezi una uzito kuliko chapa. Na mzazi asikate tamaa akiona mtoto anasoma sawasawa lakini polepole. Hiyo ni hatua kubwa.

Nyumbani huwezi saa mbili kwa siku, na sikushauri. Ila nusu saa karibu kila siku ni bora mara nyingi kuliko mchana mzima wa Jumamosi.

Dada, uliuliza lugha. Anza na Kiswahili, hata kama vitabu vyote hivyo ni vya Kiingereza. Irabu zetu tano hazibadiliki sauti, kwa hiyo atajionea kuwa herufi zinaaminika. Mtoto aliyezoea kubahatisha anahitaji kuliamini hilo kwanza, kabla hajakutana na "said".

"Mbwa": mwambie agonge meza kwa kila silabi. M-bwa, mara mbili. Ile "m" ni silabi kamili yenye pigo lake, kama kwenye "mtu" na "mto". Akiigonga ataiandika. "Nyumba" pia ni mara mbili, nyu-mba, lakini hapo "m" imejificha pamoja na "b". Mfanye aseme "nyuba" na "nyumba" kwa kufuatana, akiwa ameweka kidole kando ya pua. Kwenye "m" pua inatetemeka. Watoto hupenda sana hilo. "Ny" na "n" zifundishe kwa jozi pia, "nyama" na "nana", na "ng'" peke yake siku nyingine kabisa. Kwa "b" na "d", chagua moja, ikae hadi iwe imara, ndipo ulete ya pili. Vitabu vinavyozileta pamoja vinampa kazi ya bure.

Maneno marefu usimwachie ayasome silabi kwa silabi milele. Kiswahili kimejengwa kwa vipande vinavyojirudia. Mwandikie "wa-li-po-kumbushana", rangi tofauti kwa kila kipande, halafu "tu-li-po-kumbushana", "wa-taka-po-kumbushana". Akishazijua "wa", "li", "taka", "po" kwa kuziona tu, neno la herufi kumi na sita linabaki na sehemu moja ngeni.

Mama Binti Mmoja

Shikamoo mwalimu, na asante baba. Nimeshajaribu la kugonga meza na "mbwa". Aliandika "mbwa" na "mtu", akaniomba neno jingine! Swali la mwisho: nitajuaje ni wakati wa kusonga somo la mbele? Na vitabu anavyovipenda, vile vilivyomzidi, nimnyime mpaka afike?

Mwalimu wa Jioni

Marahaba mwanangu. Asonge anapoweza kusoma maneno ya somo hilo na kuyaandika kwa imla bila kukutazama usoni. Akiweza kusoma tu, baki hapo. Rudia kwa maneno mengine, usirudie yaleyale, kwa kuwa ataishia kuyakariri.

Vitabu anavyovipenda usimnyime hata siku moja. Msomee wewe, au asikilize vilivyorekodiwa. Msamiati na ufahamu wake viko juu ya uwezo wake wa kusoma, na visipolishwa vitaanza kubaki nyuma navyo. Ila usimwombe asome ukurasa wa kitabu hicho kwa sauti. Cha kusoma kwa sauti kitoke kwenye programu, kile ambacho kila neno ameshapewa ufunguo wake.