Ohio, Marekani: mtoto mkali wa hesabu apimweje kipawa?

MzaziColumbus: Wadau, binti yangu yuko darasa la tatu, shule ya umma. Hesabu anamaliza kabla ya wenzake, ila Kiingereza bado kinampiga chenga. Nianzie wapi ili apimwe?

MwlK: Andika ombi kwa barua pepe, kwa mwalimu wake na kwa mratibu wa vipawa wa wilaya ya shule. Usiishie kuongea getini, maneno hayaachi kumbukumbu. Ohio hupima watoto wote mara moja kati ya chekechea na la pili, kisha kati ya la tatu na la sita, lakini ombi la mzazi halingoji zamu hiyo. Kwa hesabu, kwenye mtihani wa ufaulu, anatakiwa awe ndani ya asilimia 5 ya juu kitaifa.

Takwimu: Wakimpa CogAT, mtihani wa uwezo wa kufikiri, ina sehemu tatu: maneno, namba na maumbo. Wengi huangalia alama ya jumla tu, na hapo ndipo anayejifunza Kiingereza anapoumia, maana sehemu ya maneno inaivuta chini. Omba alama za kila sehemu. Kukaririsha hakusaidii, ila aone mifano michache. Maswali ya karatasi iliyokunjwa na kutobolewa huwababaisha wasiowahi kuyaona.

MwlK: Na ujue, ndugu: sheria inailazimisha wilaya kumtambua kuwa ana kipawa, si kumpa masomo ya ziada. Akipita, uliza kwa maandishi atapata dakika ngapi kwa wiki, na kwa nani. Kupewa mafumbo Ijumaa mchana tu si huduma. Bora asome hesabu na darasa la nne, mengine abaki na rika lake.