Tupeane uzoefu: samaki gani ulikuwa unamtupa ukimvua na siku hizi unampika?

Mshipi Mrefu
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mimi ni mvuvi wa wikiendi, sivui kwa biashara, ni raha ya kukaa na mshipi na kupata kitoweo cha nyumbani basi. Kila nikienda naona jambo lile lile, kuna samaki wanaosifiwa ambao kila mtu anawataka, afu kuna hawa wengine, akipanda tu mtu anasonya, anang'oa ndoana, anamtupa huko. Na mimi nilikuwa hivo hivo mpaka siku moja nimekaa tangu alfajiri nikaambulia kikande watatu tu, nikasema hawa leo siwaachi.

Kwa asiyemjua kikande, ni yule bapa mwenye ngozi ngumu kama ya kiatu na mdomo mdogo wenye meno makali, ana mwiba mgongoni akishausimamisha huulazi hata ukandamize kwa nguvu zote. Nilikuwa nahangaika nao, mzee mmoja aliyekuwa anavua pembeni yangu akaniambia "mwanangu usishindane nao huo, bonyeza huu mdogo wa nyuma yake". Nikabonyeza kwa kidole gumba, ule mkubwa ukalala wenyewe hapo hapo! Yaani huo mdogo ndo komeo lake. Akanionyesha na kumchuna, maana ukisema umpae magamba utakesha. Ncha ya kisu unaingiza nyuma ya kichwa, unapasua ngozi juu ya mgongo mpaka mkiani, chini ya tumbo vilevile, afu unaishika kwa koleo unavuta, inatoka yote kama unavua soksi. Ndani nyama nyeupe pee, imara, na miiba midogo ya kukusumbua mezani hakuna. Nilitia chumvi na limau nikamkaanga kwa mafuta kidogo, nyumbani wakaniuliza huyu samaki umemnunua wapi.

Sasa tupeane uzoefu. Taja samaki, ulimfanyaje tangu anatoka majini mpaka sahani, ilikuwaje. Hata aliyeshindwa aseme alikosea wapi, hiyo nayo inasaidia.

Deli la Barafu
Asante kwa uzi mkuu. Mimi ni papa, wale wadogo wa kushikika kwa mkono mmoja. Wengi wanawakataa kwa sababu wakipikwa nyumba nzima inanuka kama choo na mtu anaapa hali papa tena. Na mimi niliapa. Kumbe kosa nilikuwa nalifanya kule kule kwenye maji, nikimvua namwacha kwenye ndoo na jua lake mpaka tumalize kuvua saa nane.

Papa na taa wanahifadhi urea mwilini, ile iliyopo kwenye mkojo, ndo inawasaidia kuishi kwenye maji ya chumvi. Samaki akiwa hai haina shida. Akifa bakteria wanaanza kuigeuza kuwa amonia na ndo hiyo harufu. Kwa hiyo akishapanda na nimeamua namchukua, namuua hapo hapo, nakata mashavuni na karibu na mkia damu itoke, natumbua, naosha, anaingia kwenye barafu, yote hiyo haifiki dakika kumi. Nyumbani natoa ngozi nakata minofu naloweka kwenye maji ya chumvi yenye limau nusu saa au zaidi, wengine wanatumia maziwa na yanafanya kazi. Tangu nimeanza hivo sijawahi kusikia ile harufu. Ila mkimvua na mkaona tayari ananuka amonia hata kabla ya kupika, huyo tupa, limau haitamuokoa.

Na jamani kabla hujamchukua papa au taa yeyote jua sheria ya unapovulia inasemaje, kuna aina nyingi zinalindwa na saizi pia inaangaliwa.

Mama Kikaango
Deli umesema kweli tupu. Mimi siendi kuvua, anayevua ni mume wangu, mimi ndo naletewa nimalizane nao jikoni, kwa hiyo najua nani ametunzwa vizuri na nani amepigwa jua.

Niongelee karpi maana huyo analetwa sana hapa na kila mtu anamkimbia kwa miiba. Ile miiba ya karpi haiko kwenye ubavu peke yake, kuna mingine imejificha katikati ya nyama, imegawanyika nchani kama herufi Y, hata utoe mnofu vizuri namna gani utakutana nayo. Nilipambana nayo na kibano cha nyusi jioni moja nzima, watoto wameshalala na njaa yao, nikalia. Dawa yake si kuitoa, ni kuikata. Chukua mnofu wenye ngozi, ulaze ngozi chini, kisu kikali sana, kata kama unachanja kila baada ya milimita tatu au nne, ushuke mpaka uisikie ile ngozi lakini usiipasue. Utasikia kwa mkono kisu kinapita kwenye miiba, kri kri kri, ukisikia hiyo sauti ujue uko sawa. Pakaza chumvi, unga mkavu uingie mpaka kwenye zile nafasi, kisha mafuta mengi ya moto kweli. Mafuta yanaingia kwenye kila mchanjo na vile vipande vidogo vya miiba vinakaangika vinakuwa kama havipo. Mwanangu mdogo anakula sasa, ingawa bado nasimama pembeni yake namwangalia.

Chambo Mnyoo
Dada Mama Kikaango na ile ladha ya tope je? Mimi karpi na kambale wa bwawani nikiwala naona kama nimelamba udongo. Miiba naiweza, tope ndo linanishinda.

Mama Kikaango
Chambo hilo si tope lenyewe kaka, kuna kitu kinaitwa jiosmini kinatengenezwa na vijidudu vya kwenye maji yaliyotulia, ndo kile kile kinachotoa harufu ya udongo mvua ikianza kunyesha. Samaki anakinyonya kupitia mashavu na kinakaa kwenye mafuta yake. Kwa hiyo toa ngozi, kwangua mafuta ya tumboni yale ya njano, na ile nyama nyekundu nyeusi inayopita ubavuni ikate yote itupe, usiionee huruma. Afu loweka kwenye maji yenye siki au limau kama nusu saa, asidi inakivunja kile kitu. Suuza, kausha kwa kitambaa, ndo uunge. Ladha haiishi mia kwa mia kwa samaki wa bwawa chafu ila utaona tofauti. Mume wangu siku hizi akivua kwenye maji yanayotembea samaki yule yule anakuja mtamu bila hata siki.

Kambale muwe makini na miiba ya mapezi ya ubavuni. Na yule wa baharini, hongwe, miiba yake ina sumu kabisa.

Mtumbwi wa Babu
Nathibitisha ya hongwe, alinichoma kiganjani nikadhani mkono unakatwa. Aliyeniokoa alinitumbukiza mkono kwenye maji ya moto, ya moto ambayo ngozi inavumilia bila kuungua, nikakaa nao humo zaidi ya nusu saa, maumivu yakashuka taratibu. Hata taa na tasi wakikuchoma ni hivo hivo, afu uende hospitali wakaangalie kama kipande cha mwiba kimebaki ndani. Mimi kilibaki.

Ila hongwe mwenyewe mchuzi wake ni mzito mtamu, siku hizi koleo kwanza, nakata ile miiba mitatu, mmoja wa mgongoni na miwili ya ubavuni, ndo nimguse.

Sehewa Boy
Mimi nakuja na stori ya kukosea, mleta uzi umesema turuhusiwe.

Sehewa, yule wa jamii ya jodari, wengi wanamdharau, wanasema nyama nyeusi, ina damu, ya chambo hiyo. Mimi namtetea sana, ila alinilaza kitandani. Tulivua wengi siku hiyo, barafu ikatuishia mapema, wale wa mwisho tukawaacha kwenye gunia lenye maji kwa muda wa kama saa nne hivi kwenye joto. Hawakunuka, macho yalikuwa safi, nikapika vizuri kabisa mpaka wameiva. Nilipokula nikasikia ulimi unawasha kama pilipili na sikuweka pilipili. Baada ya muda mfupi uso ukawa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, vipele shingoni. Nikakimbizwa hospitali wakasema ni histamini. Samaki wa jamii ya jodari, sehewa, kibua, akikaa kwenye joto bakteria wanatengeneza histamini kwenye nyama, na ikishatengenezwa huitoi kwa kupika, wala kugandisha, wala kumweka kwenye mkebe. Daktari alinirudia mara mbili hilo la kupika maana nilikuwa nabisha.

Sijaacha kumla. Nilichobadilisha ni kwamba anapanda, nakata mashavuni chini, namning'iniza kichwa chini ndani ya ndoo ya maji ya bahari damu itoke, kisha anazama kwenye deli lenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, si barafu tupu juu juu, ule uji wa barafu unamkumbatia pande zote anapoa haraka. Barafu ikiisha tunafunga mishipi tunarudi hata kama wanakula chambo. Nyumbani natoa ule mstari mweusi wa damu katikati ya mnofu, nakata vipande vinene, kikaango cha moto sana, upande huu dakika moja na nusu, upande huu hivo hivo, basi. Ukimkausha anakuwa kama mbao na ndo maana watu wanamtukana.

Mvua Usiku
Wakuu naomba kuuliza, bunju, yule anayejivimbisha kama puto, anasumbua sana chambo changu, nasikia kuna wenzetu wanamla, anaandaliwaje?

Deli la Barafu
Mvua Usiku ndugu yangu, haandaliwi. Bunju ana sumu inaitwa tetrodotoksini, iko kwenye ini, mayai, ngozi, na kwa aina zingine hadi kwenye nyama. Moto hauiui, dawa ya kuipinga haipo, inapooza misuli mpaka ile ya kupumulia huku mtu ana akili zake timamu. Japani wanaomtayarisha wamesomea na wana leseni. Mng'oe ndoana taratibu mrudishe, na mbwa wa nyumbani asimguse pia.

Mtumbwi wa Babu
Naongeza na mzia mkubwa (barakuda) na mkunga wa kwenye miamba, yule mrefu kama nyoka. Hao nyama nzuri sikatai, ila kwenye bahari za joto wanaweza kuwa na siguatera, sumu inaanza kwenye vijidudu vya jamii ya mwani juu ya matumbawe, samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, inajikusanya. Huionji, huinusi, haifi kwa moto. Mtu anawashwa mdomoni na akishika kitu cha baridi anahisi kama kimemuunguza. Mimi mzia aliyefika urefu wa mkono wangu namwachia. Na papa wakubwa na mzia wakubwa wana zebaki pia, mama mjamzito asipewe.

Vidagaa Vingi
Nyie mna samaki wakubwa, mimi navua vile vidogo vya kiganja, vyenye miiba mingi ambavyo watu wanampa paka. Nina njia moja tu na sijaiacha miaka mingi. Napaa, natumbua, nakata kichwa, napanga kwenye presha kuka kama matofali, kitunguu, pilipili manga nzima, chumvi, majani mawili matatu ya viungo, siki vijiko vitatu, mafuta nusu kikombe, maji ya kufunika tu. Moto mdogo saa moja na robo hivi tangu ianze kupiga kelele, afu naacha ipoe yenyewe bila kuifungua. Hapo uti wa mgongo wenyewe unabonyea kwa ulimi, wanatafunwa wazima kama wale wa mkebe. Namwekea mama yangu ambaye meno hana, anakula kwenye bakuli kwa kijiko na ananiuliza nitaenda tena lini. Zinazobaki zinakaa friji siku mbili tatu, zaidi ya hapo nagandisha.

Chambo Mnyoo
Mkuu Vidagaa hiyo nimeiandika pembeni. Swali dogo tena, jana nimevua chuchunge wale wa mdomo mrefu kama sindano, nimepasua nikakuta mifupa ya kijani! Nimeogopa nimewaweka kwenye friji tu sijapika.

Sehewa Boy
Hiyo rangi ni ya kawaida kwao, inaitwa biliverdini, haina madhara. Wapike leo leo usilaze tena. Kata vipande virefu kama kidole, unga kidogo, mafuta ya moto.

Mshipi Mrefu
Wakuu sikutegemea uzi utajaa hivi. Mimi narudi na kikande kidogo, nasahihisha nilichosema, wale wakubwa sana wa kwenye miamba nao wametajwa kwenye hiyo siguatera, mimi nachukua wa saizi ya sahani. Jumamosi naenda na deli mbili, moja ya uji wa barafu kama wa Sehewa Boy. Mama Kikaango, hapo kwenye karpi, nikiwa na mnofu mnene unaozidi vidole viwili nauchanja vile vile au naupasua kwanza?

Mama Kikaango
Upasue kwanza uwe wa kidole kimoja, kisu kikitembea sana huwezi kuisikia ngozi. Na kinoe hapo hapo kabla hujaanza.

Chambo Mnyoo
Nimemaliza kuwakaanga chuchunge. Mifupa imebaki kijani kwenye sahani, nyama yote imeisha.